Mwizi Wangu wa Utafiti Anataka Kunikosesha Mchumba

Mpendwa Shangazi Wawira,

Naomba unisaidie maana nimekwama, na tafadhali jina langu usilitoe gazetini. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Meru mjini, nasomea sosholojia na haki ya jinai, kozi ambayo nyumbani Muthara hakuna anayeielewa, baba yangu Mzee Kaimenyi alitangaza kanisani kwamba kijana wake atatoka huko akiwa OCS, mkubwa wa kituo cha polisi, na mama yangu kila tukifunga chuo huniuliza bunduki nitapewa lini, nami nilichoka kueleza nikaacha waseme.

Sasa Shangazi, likizo ya mwezi wa nne alikamatwa jirani yetu anaitwa Gitobu, akiwa na kuku wawili kwenye gunia, na kuku wenyewe walikuwa wa mama yake Lenah, na Lenah ndiye msichana ninayetaka kuoa, tumependana tangu sekondari. Wazee waliketi wakaamua kama kawaida ya kwetu, Gitobu alete kondoo wa kuchinjwa, aliyeiba na aliyeibiwa wale pamoja, naye aape hatarudia, na kila mtu alikuwa ameridhika mpaka mimi niliposimama. Shangazi, sijui ni nini kilinisimamisha. Nilikuwa nimetoka kwenye mtihani, kichwa kimejaa, nikawaambia wazee kwamba kosa si la Gitobu bali ni la jamii, kwamba ukimwita mtu mwizi kila siku mwishowe analikubali jina na kuanza kazi, nikataja wataalamu, nikachanganya na Kiingereza, na wazee kwa kuwa mimi ndiye OCS wao wa kesho wakaogopa kunipinga, wakamwachilia. Kuku hawakurudi, maana walikuwa wamekufa kwenye gunia. Nilidhani Lenah ataona vile nimesoma.

Baada ya hapo nikamchukua Gitobu awe mhojiwa wa mradi wangu wa utafiti, tukaongea likizo nzima, na mhadhiri wangu amefurahi sana, anasema data yangu ina uhai. Lakini Gitobu naye alikuwa ananisikiliza kuliko nilivyodhani. Juzi amekamatwa tena, boma lile lile, safari hii na jogoo, na watu walipomzunguka hakukimbia, aliketi chini akasema, "Wazee, mtaniguza aje na niko kwa risachi? Ulizeni Kirimi. Mkiniadhibu sahii mtaharibu matokeo, ngojeni Disemba. Na pia mimi nimekuwa hivi juu ya jamii, na jamii ni nyinyi."

Mama yake Lenah alisema mbele ya watu wote, "Huyo loya wa wezi asikanyage hapa kwangu tena." Jioni Lenah akanipigia simu. "Kirimi, hiyo digrii yako ni ya kusaidia nani? Chagua, ni mimi ama ni Gitobu." Sasa nikimkana Gitobu mradi wangu umekufa, sina mhojiwa mwingine, na nikimtetea nimempoteza Lenah, na Disemba ndiyo wazee wetu walikuwa waende kwao kuanza mazungumzo ya ndoa. Silali, sili, naomba ushauri.

Aliyekwama, Muthara.

JIBU

Aliyekwama,

Umeniomba nisitoe jina lako, kisha ukaliandika mwenyewe mara mbili, ukaongeza la baba yako na la kijiji chenu. Muthara nzima imeshakujua. Hiyo siri uliiachia wewe, usije kunilaumu mimi.

Pole hata hivyo, naona unaumia. Na sina ugomvi na masomo yako. Hapa kwetu Runyenjes kuna kijana aliitwa mwizi wa kahawa akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo hakuna aliyempa hata kibarua cha kulima. Kwa hivyo kitabu chako hakikudanganya. Wewe ndiwe uliyekisoma nusu ukakimbilia kuhutubia.

Hebu isome barua yako tena. Gitobu yuko kila mahali, amehojiwa likizo nzima kama waziri. Mwenye kuku ulimhoji lini? Hata jina hukumpa, umemwacha awe mama yake Lenah tu, kana kwamba aliumbwa ili akuzalie mchumba. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Gitobu angeondoka na simu yako, ungesimama pale kuilaumu jamii?

Na wale wazee uliowanyamazisha walikuwa wanafanya kazi ile ile unayoisomea. Gitobu angemtazama machoni aliyemwibia, wakala nyama moja, akarudi nyumbani akiwa mtu kama wengine. Ukaja ukaivuruga kwa Kiingereza.

Sasa sikiliza. Mwambie Gitobu leo kwamba kuhojiwa si kinga, na kwamba Disemba haihusiki. Kisha nenda naye kwa wazee, mbele ya watu wale wale, useme kwamba ulizungumza kabla ya kuuliza. Kondoo aletwe, nawe usaidie kumtafuta, kwa sababu wizi huu wa pili una mkono wako. Mzee Kaimenyi ataona aibu OCS wake akiomba msamaha hadharani, lakini atapona. Mradi wako nao hautakufa. Mtu aliyelipa kosa lake ana mengi ya kukuambia kuliko anayejificha nyuma yako.

Kuhusu Lenah, kuchagua kati ya msichana na mwizi wa kuku si swali la kuandikia gazeti, na nikiwa yeye ningekasirika kwamba ulihitaji kuuliza. Usimpigie simu kwanza. Nenda kwa mama yake, mchana, peke yako, ubebe sukari na majani ya chai. Usibebe kuku, atadhani Gitobu ndiye amekutuma. Mambo ya ndoa usiyaguse. Daftari liache nyumbani.

Mimi niliwahi kuibiwa mbuzi. Polisi waliniuliza mwizi alivaa nini, majirani wakaniuliza namshuku nani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za mbuzi wangu, naye aliitwa Karembo na alikuwa akinifuata mpaka mtoni. Iliniuma, na bado inaniuma. Kwa hivyo ukifika, muulize huyo mama jina lake alilobatizwa, kisha muulize jogoo wake alikuwa wa namna gani. Halafu funga mdomo, hata kama akiongea mpaka ng'ombe warudi zizini.

Akikuwekea chai, inywe yote, hata ikiwa haina sukari. Huku kwetu hakuna anayemchemshia chai loya wa wezi.

Shangazi Wawira