Sauti ya Baba kwenye Santuri Tatu

Jumapili, 3 Machi 2019

Hujambo, daftari langu? U mzima huko kabatini? Mimi sijambo, Bwana asifiwe, ila moyo umetikisika.

Baada ya ibada kaka Lucius alikuja na santuri tatu kwapani. Zote albamu moja ya jazi, ile Baba aliyopigia besi, lile gitaa kubwa la kusimama, mwaka 1959. Moja ya zamani, ya pili ilitolewa upya nikiwa shule, ya tatu imetoka juzi. "Leo tunalinganisha. Verdell, zima hiyo redio ya mahubiri!" Lucius na mahubiri!

Ya zamani inatatarika kama kambare kikaangoni. Ya pili safi, lakini besi limekonda — kana kwamba Baba alisimamishwa koridoni. Ya tatu! Nyuzi zinatetemeka mpaka kwenye kiti. Halafu Baba akaanza kuguna wimbo humo santurini, midomo imefungwa, kama kawaida yake. Sauti nzito. Ya mwanamume nisiyemjua.

Lucius anasema siku ile studio mashine ya kurekodia ilikuwa ikienda polepole, kwa hiyo santuri zote za mwanzo zikatoka na mwendo wa haraka, na sauti ikapanda. Safari hii wametumia utepe wa mashine ya akiba, iliyokwenda sawasawa. "Miaka yote hiyo umempenda Baba aliyekimbizwa, dada'ngu!" Akacheka. Mimi sikucheka.

Mama alikuwa jikoni anachambua sukuma, bomba limefunguliwa makusudi. Tangu mazishi ya Baba hajaisikiliza albamu ile.

Jumanne, 5 Machi

Nilikuwa na miaka miwili Baba alipofariki. Sauti yake nyingine sina. Wanangu wote niliwalaza kwa mguno ule. Kumbe si wake?

Jumatano, 6 Machi

Nimemweleza dada Odessa wa kanisani kwenye maombi. Anasema wote wawili ni Baba yule yule, ugomvi uko wapi? Rahisi kwake — baba yake yuko hai, anakoroma.

Jumamosi, 9 Machi

Lucius amerudi. Mama akatoka jikoni mwenyewe, aproni kiunoni. "Haya, wekeni hicho mnachogombania."

Tukaweka ya tatu. Lucius hana subira: "Ndiye, Mama?"

"Nyamaza, mtoto. Anapumua." Akafumba macho. "Ndiye. Hivyo hivyo alivyohema akipandisha lile besi ghorofa ya tatu, pale nyumbani kwetu Columbia Avenue." Akatabasamu kama msichana.

Nikaomba tuweke ya zamani. Akasikiliza, kichwa upande. "Na huyu kijana ni nani?"

Lucius akaangua kicheko. Nikainuka niende zangu. Mama akanishika sketi. "Kaa. Namjua. Huyu ni wewe, ukiguna huku ukiosha vyombo."

Nikakaa.

Akaagiza ile mpya iwekwe tena, akaniambia niimbe naye. Nikafunga midomo, nikaanza — sauti ikapanda yenyewe, pale pale pa siku zote. Sikukutana na Baba. Mama akarudisha sindano kwa mkono wake. "Teremka kidogo, mwanangu. Baba yako hakuwa na haraka."

Mara tatu. Bado. Sasa wananiita mara ya nne, nami nimejifungia chooni na daftari. Bwana Yesu, nikiteremka nitampata Baba, na yule wa santuri ya zamani, aliyenilea, nitampoteza. Niteremke? Nijibu upesi, tafadhali — Mama ameshaweka sindano.