Kadi ya Tatu Usiinunue Bado

Songea,
Jumanne

Mwanangu Omondi,

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kununua kadi ya kunasia mtandao kwanza, kisha ndipo anauliza laptopu yake ina tatizo gani. Wewe umelifanya mara mbili ndani ya mwezi mmoja, ndiyo maana nimeanza nalo kabla hata ya kukusalimu. Babu yako angekuwa hai angenirudishia karatasi hii. Basi, hujambo? Goti la mama yako linaendeleaje tangu mvua ianze? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anatuchezea? Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, baridi ya Songea haijaniacha, na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hapa chuoni bado wanaandika kana kwamba nukta zinauzwa.

Nimeamua kuandika kwa mkono, nimpe mwalimu mwenzangu anayekuja Kisumu, kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Mimi naeleza, wewe unasema, "Sawa, Baba," halafu mama yako ananiambia umeshapanda gari pale Katito kwenda mjini kununua. Barua huwezi kuikatiza kwa "Sawa, Baba". Utaisoma mpaka chini.

Tuanze na kadi ya kwanza, ile ya kufungwa ndani ya mashine. Ulimwuliza muuzaji kama ni nzuri, naye akakujibu kama ndugu yako wa damu, "Omera, hii ni moto, huwezi jutia." Omondi, hilo si jibu. Ulipaswa kuuliza kama inaingia. Hiyo laptopu ilikuwa yangu, ni ya zamani, na nafasi yake ya kadi ni pana na fupi. Wewe umenunua kadi ya kisasa, nyembamba kama kijiti. Zote mbili zinaitwa kadi za mtandao, lakini hazikai mahali pamoja. Na hata ingeingia, kuna mashine ambazo watengenezaji wamezipa orodha ya kadi zinazokubalika. Ukifunga nyingine, mashine inagoma kuwaka. Jambo hilo haliandikwi juu ya boksi. Ni lazima ufungue kifuniko cha chini, usome namba iliyo kwenye kadi ya zamani, ndipo uende dukani na namba hiyo. Hukufungua. Ulikwenda na matumaini.

Kadi ya pili angalau iliingia, kwa kuwa ni ya kuchomeka ubavuni, kile kidude kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mama yako anasema ulimwonyesha tarakimu kubwa kwenye boksi ukamwambia, "Mama, ona spidi." Ile kasi hupimwa kifaa kikiwa jirani na ruta, pasipo ukuta katikati. Haikuambii kifaa kinasikia kutoka umbali gani. Kidude kidogo kina antena ndogo, na antena ndogo husikia kidogo.

Na sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Simba yako, nyumba yako ya kijana hapo karibu na lango, tuliijenga mimi na baba yako mdogo Ouma kwa mabati, kuta na paa. Ruta iko nyumba kubwa kwa mama yako, ng'ambo ya uwanja. Mawimbi ya mtandao hupita kwenye mbao, hupungua nguvu kwenye matofali, lakini yakikutana na bati, mengi hurudi yalikotoka. Umejifungia ndani ya debe, halafu unabadilisha masikio.

Najua mama yako alikuita. Alinisimulia yote. Alikuambia, "Njoo ufanyie kazi sebuleni, kuku nitawafukuza mimi." Ukamjibu, "Mama, mtu mzima na simba yake arudi kwa mama kama anayenyonya?" Na Ouma, badala ya kukushauri, akaongeza, "Mwache shemeji, akija itabidi umtafutie chupa." Wote mkacheka, ukarudi kwenye debe lako. Omondi, mila inakukataza kulala katika nyumba ya mama yako. Haikukatazi kukaa mezani kwake mchana ukiwa na kazi. Mimi nilisahihisha madaftari kwenye meza ya nyanya yako nikiwa nimeshaota ndevu na kuanza kulipwa mshahara, na hakuna aliyeniletea chupa.

Nisingeandika kurasa hizi zote kwa ajili ya kadi. Ninaandika kwa sababu ya neno ulilomwambia mama yako Jumapili. Kwamba wateja wako wa ng'ambo, wale unaowaandikia maneno ya mikutano yao wakati inaendelea, wamekupa jaribio la mwisho Jumatatu ijayo, saa nzima bila kukatika. Na kwamba ukishindwa utamfuata yule wakala, akupeleke Uarabuni ukawe mlinzi. Mama yako alinieleza kwa ile sauti yake ya kawaida kupita kiasi, anayoitumia akiwa hataki nijue anaogopa. Nikamwuliza kama wakala ameshachukua pasipoti yako. Akasema, "Bado. Lakini Omondi ameitoa sandukuni, iko mezani kwake."

Mimi nilikuja huku kwa miaka miwili. Sasa ni kumi na saba. Nilipoondoka meno yako ya utotoni yalikuwa yanang'oka, na niliporudi likizo ya kwanza ulinisalimia kwa kunipa mkono, kama mgeni. Babu yako sikumzika. Nilifika udongo umeshakauka. Kama unataka kwenda kwa kuwa umetaka kwenda, niambie, nitakununulia begi mwenyewe. Lakini kumpoteza mtoto kwa sababu ya bati, hilo sitalikubali.

Kwa hiyo, kama kadi ya tatu itahitajika, iwe ya USB yenye antena inayoonekana kwa macho, na yenye waya wa mita mbili hivi. Waya uupitishe dirishani, antena isimame nje chini ya ukingo wa paa isinyeshewe, ikitazama nyumba kubwa. Laptopu ibaki ndani, antena iwe nje. Hapo ndipo heshima yako na kazi yako vitakaa pamoja. Iwe inapokea mawimbi ya GHz 2.4, kwa kuwa hayo hufika mbali kuliko yale ya GHz 5, na kwa kazi ya kusikiliza na kuandika kasi yake inatosha. Programu ya kuiendesha ipakue mapema kwa simu, maana huwezi kuipakua kwa kadi ambayo haijaanza kufanya kazi. Muuzaji akikuambia ni moto, mpe karatasi hii aisome.

Lakini nimesema "kama". Mpaka leo hatujui iwapo kadi ya zamani iliyomo ndani ya laptopu ina ugonjwa wowote, kwa sababu hakuna aliyeijaribu nje ya yale mabati. Wewe hukuijaribu, pamoja na fizikia yote niliyokufundisha mezani kila likizo. Na mimi, mwalimu wa fizikia, nimechukua mwezi mzima kuuliza kuta ni za nini, ilhali misumari niliipigilia mwenyewe. Hapo nakiri, na hasira nyingine iliyo katika barua hii ni yangu juu yangu.

Msalimie nyanya yako, umwambie ugoro wake anao mwalimu anayeleta barua hii. Asiulizwe na mtu mwingine. Msalimie baba yako mdogo Ouma, ingawa wiki hii hastahili. Shangazi yako Auma akija kutoka Muhoroni, mwambie picha ya mtoto imenifikia na nimeibandika ukutani. Mama yako nitampigia mwenyewe.

Ni mimi baba yako, ninayekuchosha kwa maneno kwa kuwa siwezi kuvuka uwanja nikakushika mkono.

Mwalimu Odhiambo

Leo hii, ukimaliza kusoma, chomoa kile kidude, beba laptopu uiweke kwenye meza ya mama yako, fanya kazi hapo saa nzima, na uhesabu mtandao umekatika mara ngapi.