Injini Inayokunywa Oili

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Uyole baridi inatubana ila tunapumua. Bibi yako amemaliza kuvuna viazi, anakusalimu sana.

Umeniuliza kama ununue lile gari la injini ya rota, maana watu wanakwambia haidumu.

Nikiwa fundi kijana, mwalimu mmoja, mwenyeji wa Mlandege kule Iringa, aliniletea gari kama hilo. "Fundi, kagua breki tu. Kitabu chake cha maelekezo kipo kwenye kiti." Nikaona oili imepungua. Mimi nilizoea injini za pistoni, na kwetu injini inayokunywa oili inaumwa. Nikautafuta mrija mdogo unaopeleka oili ndani, nikauziba. Nikajiona daktari.

Kumbe injini ile huchoma oili makusudi, ili kulainisha sili za rota, vile vipande vinavyoziba kingo zake. Wiki hiyohiyo mwalimu alifiwa na mama yake. Akaondoka kwenda Iringa kumzika, na injini ikafa kabla ya Mafinga. Alifika nyumbani kaburi limeshafukiwa.

Aliporudi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Fundi, ulikisoma?"

Sikuwa hata nimekifungua.

Basi nunua, ukiweza kuitunza. Pima oili kila unapojaza mafuta, na usiiache injini ichemke. Ikianza kugoma kuwaka ikiwa ya moto, ujue sili zimechoka.

Mwalimu aliniachia kile kitabu. Nakutumia pamoja na barua hii. Ukurasa wa oili umechakaa kwa vidole vyangu, lakini bado unasomeka.

Babu yako