Mlango wa Upande wa Kibondo

Kibondo, 3 Februari 2025

Dada Mwatumu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na magoti ya mama yamepata nafuu. Mimi nipo, nimechoka tu. Mvua haijakatika, koti langu halijakauka tangu Ijumaa. Nimekupigia mara nyingi hupokei, ndiyo maana nimempa dereva wa gari la dawa barua hii akuletee dukani.

Tangu mkataba wako uishe mwaka jana, mtandao unaounganisha hospitali zetu mbili nauangalia peke yangu. Sasa wameleta seva mpya, na ile ruta yetu isiyoshikika kwa mkono, inayoishi ndani ya seva, lazima niisanidi upya. Nimechora njia yetu ya ndani juu ya laini ya kampuni ya simu, kama ulivyonifundisha. Milango yote miwili, wa Kibondo na wa Kasulu, inaonyesha iko wazi. Nikituma salamu ya majaribio, inajibiwa. Nikituma picha ya eksirei, inakwama. Leo siku ya nne. Naomba unielekeze.

Mdogo wako,
Ghati

Kasulu, 7 Februari 2025

Mdogo wangu Ghati,

Marahaba. Tu wazima. Mama sasa anafika sokoni kwa miguu. Mimi nauza vitenge na sabuni.

Kila mzigo wa data unaopita njia ile huvishwa bahasha ya pili, na bahasha nayo ina unene wake. Ukiacha kipimo cha mlango kwenye baiti elfu moja mia tano, mzigo uliojaa ukishavishwa hauingii kwenye laini. Salamu ni nyepesi, itapita na kukudanganya. Shusha mlango wako hadi elfu moja mia nne hamsini. Wa Kasulu niliushusha siku ya kwanza, sikuugusa tena.

Nimeacha kalamu, nimehudumia mteja, nimerudi. Ghati, dalili hizi nazijua. Ndizo za Mei iliyopita, picha ya Mzee Reverien wa Busunzu ilipokwama siku tatu, daktari wa huku akiisubiri, hadi mzee akafariki. Taarifa ya hospitali ikasema kosa ni la Kasulu, kwa kuwa salamu za Kibondo zilikuwa zinafika. Mimi nikanyimwa mkataba. Nakuuliza mara moja tu: wiki ile uligusa mlango wako?

Dada yako,
Mwatumu

Kibondo, 29 Machi 2025

Dada,

Shikamoo, na poleni na mfungo. Wiki saba nimekuwa nikianza barua hii na kuichana.

Nilishusha namba siku ileile barua yako ilipofika, picha zikapita.

Niliugusa. Umeme ulikatika, ruta ikaharibika, nikaujenga mlango upya bila kujua habari ya unene. Siku ya mazishi nilirudisha nakala ya zamani ya mipangilio, kila kitu kikapita. Sikuelewa kilichoponya, ila nilijua ubovu ulikuwa kwangu. Gasper, mkuu wetu, aliniuliza, "Upande wako salama?" Nikasema, "Salama." Nikakuacha ubebe.

Jana nimempelekea Gasper maelezo yote kwa maandishi. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Haya yalishakwisha, kwa nini unayafukua?" Nikamwambia kwa Mwatumu hayajaisha.

Mdogo wako, kama bado naruhusiwa kujiita hivyo,
Ghati

Kasulu, 12 Aprili 2025

Ghati,

Sisi wazima. Wameniita ofisini wakanipa mkataba mpya. Nimewaambia nitafikiri.

Mjane wa Mzee Reverien alinipigia simu mwaka jana, akanilaani kwa jina langu kamili. Sijui nani alimtajia. Usimwandikie, hasomi. Nenda Busunzu ukamwambie kwa mdomo wako.

Mwatumu

Kibondo, 27 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Nimefika Busunzu jana kwa bodaboda, nikiwa na nesi wa kutafsiri Kiha. Mjane alikuwa anamenya mihogo. Nilimweleza yote, na kwamba wewe huna kosa. Hakuacha kumenya.

Baadaye akauliza, "Ile picha ilifika mwishowe?"

"Ilifika, mama. Siku ya mazishi."

"Daktari aliiona?"

"Aliiona."

"Akasemaje?"

Mwaka mzima sikuwahi kuuliza. Nimemwahidi nitarudi na jibu, lakini nimechoka mpaka naogopa kulitafuta.

Mdogo wako,
Ghati

Kasulu, 30 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Pole. Nimekwenda mwenyewe kwa yule daktari wa huku. Amesema maji yalikuwa yamejaa kulizunguka pafu la kushoto. Yangetolewa siku ya kwanza, mzee huenda angeishi. Huenda, hakusema zaidi ya hapo, na sisi tusiongeze wala tusipunguze.

Bado sijakusamehe. Ila habari kama hiyo haipelekwi na mtu mmoja. Jumamosi napanda gari la asubuhi. Nisubiri stendi ya Kibondo, twende wote Busunzu.

Dada yako,
Mwatumu