Jina Langu Ndilo Walilokata

Jumamosi, 16 Julai

Nisamehe, daftari. Tangu Nzuki azaliwe sijakuandikia hata mstari. Sina sababu ya maana, ni usingizi tu. Nikipata nafasi ya kukaa, nalala nikiwa nimekaa. Leo mtoto kashiba uji, kalala, na Mama mkwe ameenda kufagia kanisa. Basi niandike.

Habari ni hizi. Nzuki ana meno mawili na anauma! Muinde bado yuko Kishushe na wale wa kutafuta madini. Akitaka kunipigia lazima apande kilimani ashike mtandao, kwa hivyo mume wangu siku hizi ni mtu wa kuhema kwenye simu. Bomba letu hapa Birikani limekauka tena. Na Bi Mwanamvita wa duka anagombea MCA, kiti cha wadi yetu kwenye bunge la kaunti!

Kura yangu haina maswali. Siku ya Nzuki, damu inanitoka, ni yeye aliyetafuta gari, akanishika mkono njia nzima akisoma dua zake. Na ni yeye aliyetupeleka ofisi ya maji, tukakaa chini verandani na mitungi yetu mpaka mkubwa akatoka.

Jana alituita wanawake wa mtaa uani kwake. Chai, mahamri, vicheko. Akatusimulia: "Kuna watu wamenijia, wananiambia, ukishinda wafukuze hawa wabara, warudi kwao Machakos. Nikawauliza, nani arudi wapi? Koki huyu nimempeleka mimi hospitali. Kwao ni hapa." Wote wakanigeukia, mimi Mkamba. Nikaona haya, nikajifanya namfuta mtoto pua. Lakini moyoni — nilifurahi sana.

Jumatano, 20 Julai

Kuna sauti inazunguka kwenye wosap. Imeingia grupu ya kanisa, ya shule, hata ile ya mazishi ambayo haijaongea tangu mwaka jana. Ni sauti ya Bi Mwanamvita. "Wafukuze hawa wabara, warudi kwao Machakos." Basi. Inaishia hapo.

Nimeisikiza nikiwa na mtoto mgongoni. Nikairudia. Nilikuwepo! Wameondoa kilicho mbele na kilicho nyuma. Jina langu ndilo walilokata.

Ijumaa, 22 Julai

Leo imefika redioni.

Lazima nieleze kuhusu Mama na redio. Mama Katuku, mama mkwe wangu, ni mtu wa salamu. Wako kundi zima hapa Voi, wana fulana zao, wanatumiana salamu kwa kipindi cha asubuhi cha mtangazaji Gibson. Majina matatu, kisha ujumbe. Baba mkwe alipokufa kundi lilikuja lote, na Gibson mwenyewe akashika koleo. Tangu hapo Gibson ni mtoto wa nyumba hii, hata kama anaishi ndani ya redio.

Siku hizi salamu zinaletwa kwa hisani ya Silvanus. Silvanus ndiye anayeshindana na Bi Mwanamvita. Wimbo wake unapigwa kabla ya salamu na baada ya salamu. Nzuki akiusikia anacheza.

Basi asubuhi Gibson akaicheza ile sauti. Akasema, wapenzi wasikilizaji, mimi sisemi ni kweli, mimi nauliza tu — huyu anatufaa? Akaicheza tena. Na tena.

Mama akaweka kikombe chini. Nikamwambia, Mama, nilikuwepo, hiyo imekatwa, maneno yalikuwa ya watu wengine. Nikamweleza lote, polepole.

Akanisikiza mpaka mwisho. Kisha: "Koki, Gibson hajawahi kunidanganya. Akisema ni saa moja, ni saa moja."



Jumapili, 24 Julai

Kwenye foleni ya maji wananiita rafiki ya mwenye lori. Lori gani? Lori la kutupeleka Machakos! Mmoja akasema, Koki umeshafunga virago? Mwingine: atapewa kiti cha mbele na dereva. Wakacheka. Wawili wao walikunywa chai na mimi uani siku ile. Nikawaambia, si mlisikia wenyewe? Mmoja akaangalia mtungi wake. Mwingine akasema alisikia, lakini huenda hakusikia vizuri, kwa maana redioni imesikika tofauti.

Alikuwepo, masikio yake mwenyewe, na bado anaamini redio!

Nilipitia dukani. Bi Mwanamvita amekaa nyuma ya kaunta, hakuna mteja. Hana ile sauti nzima. Hajui nani alirekodi. Alienda redioni, wakamwambia anunue nafasi kama wagombea wengine. "Mamake Nzuki, usijitie matatani kwa ajili yangu. Wewe una mtoto mchanga." Akampa Nzuki biskuti. Macho yalikuwa mekundu.

Jumatatu, 25 Julai

Nimepata njia. Kama Mama anaamini kinachotoka redioni, basi kitoke redioni. Salamu ni bure, ni ujumbe wa simu tu. Nimeandika hivi: Koki wa Birikani, nawasalimu Mama Katuku, Muinde aliye Kishushe na Bi Mwanamvita wa duka. Ujumbe: nilikuwepo siku ile, sauti imekatwa, aliwakatalia waliotaka tufukuzwe.

Nimetuma. Nilihakiki kila herufi kwanza, kama natuma barua kwa serikali.

Jumanne, 26 Julai

Amesoma.

Amesoma majina yote matatu kwa ile sauti yake tamu. Akafika kwenye ujumbe — nikashika meza — akasema, "Na ujumbe wake ni amani na upendo." Kisha akacheka kidogo, akaendelea. Kwa hivyo wasikilizaji, Koki na mama mkwe wake Katuku, wako pamoja na Bi Mwanamvita. Hiyo ndiyo demokrasia! Wimbo wa Silvanus ukaingia. Nzuki akacheza.

Sikufikiria hilo. Kwenye salamu, ukitaja watu pamoja ni kusema nyinyi ni kitu kimoja. Mama angenifundisha, kama ningemuuliza.

Hakupiga kelele. "Umeniweka na mtu anayetaka nifukuzwe. Tena mbele ya Gibson." Akazima redio. Sijawahi kumwona akiizima yeye mwenyewe.

Jumatano, 27 Julai

Kundi la salamu limemtoa Mama. Fulana wamesema arudishe. Ameifua, ameipiga pasi, ameikunja.

Ijumaa, 29 Julai

Niko Maungu kwa dada yangu Nthenya. Mama aliamua jana, mbele ya kiongozi wa kundi aliyekuja kuchukua fulana. Koki amechoka, ataenda kwa dadake apumzike na mtoto mpaka kura ipite. Kwa upole kabisa, kama mtu anayenionea huruma. Nilifunga virago haraka, mtoto analia, makanga anagonga gari.

Nthenya anawapikia madereva wa malori hapa barabarani. Amenipa kona na godoro. "Pumzika basi," anasema, kisha ananipa vitunguu nimenye.

Jumatatu, 1 Agosti

Nimepekua mkoba wote. Kitambulisho changu hakipo. Nakumbuka sasa: kiko Voi, kwenye sanduku la Mama, pamoja na chake na cha marehemu Baba. Nimepiga. Mama anasema hajakiona, atatafuta. Bila hicho hawamruhusu mtu kupiga kura, wala mimi sikujiandikisha Maungu. Nimejiandikisha Birikani.

Muinde akapanda kilima chake akanipigia. Nikamweleza. Akahema. "Koki, ni kura moja tu. Tusimvunje mama moyo mara ya pili." Nikamuuliza, na mimi je? Mtandao ukakatika, au alishuka. Sijui.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimeenda Voi na nimerudi. Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Duka la Bi Mwanamvita limefungwa. Posta zake zimetobolewa macho, zote, kwa utaratibu, kama kazi ya kulipwa. Jirani akasema amempeleka bintiye Nasiha Mombasa, yeye anarudi Jumanne kupiga kura yake. Mlango wake ulirushiwa mawe.

Mama alimpokea Nzuki kabla hajanisalimu. Akamwosha, akampaka mafuta, akamwambia amekuwa mwembamba kwa chakula cha malori. Mtoto anacheka, anamvuta kitambaa kichwani. Redio imewashwa tena, sauti chini. Salamu zilikuwa zinasomwa. Jina lake halikusomwa. Alikuwa anangojea, nilimwona.

Nikamwambia, Mama nimekuja kuchukua kitambulisho.

"Kitatafutwa. Kura si kesho."

"Ni Jumanne, Mama. Na najua kiko kwenye sanduku chini ya kitanda chako."

Akaniangalia, mtoto mapajani. "Basi ingia uchukue."

Anajua siwezi. Mke wa mwanawe haingii chumba cha mama mkwe, hagusi kitanda chake. Tangu niolewe sijavuka lile pazia, hata alipougua chakula nilipokezana na Muinde mlangoni. Nilienda mpaka kwenye pazia. Nikalishika. Chini ya pazia nikaiona pembe ya sanduku. Mguu wangu ukakataa.

Nikarudi nikakaa. Nikasema: "Mama, nakuheshimu, na chumba chako nitakiheshimu. Lakini hiyo kura ni yangu. Si wewe uliyenipa, wala si Gibson."

Akasema kwa Kikamba, kama anaongea na mtoto, kwamba waliorusha mawe walipita na hapa kwanza, wakauliza kama huyu Koki wa redioni anaishi hapa. Akawaambia nimefukuzwa. Ndiyo maana nilitumwa Maungu. Afadhali nimchukie nikiwa mzima.

Nililia njia yote ya Maungu. Nimkasirikie vipi? Na nisikasirike vipi?

Jumatatu, 8 Agosti

Nzuki anakohoa. Nimempigia Mama, nimemwomba atume vitu vya mtoto kwa gari la asubuhi, na kitambulisho nikakitaja mwisho. Akasema, ndiyo, atatuma. Hakusema atatuma nini.

Gibson leo hawezi kucheza ile sauti, kampeni zimekwisha. Madereva wanaikariri wenyewe wakila. Wengine hata si wa Voi.

Jumanne, 9 Agosti

Nthenya ametoka kupiga kura, kidole kina wino. Kwa MCA amemchagua wa huku kwao, sikumuuliza nani. Bi Mwanamvita amenitumia ujumbe: yuko kwenye foleni Birikani, watu wamemwachia nafasi mbele na nyuma kama mgonjwa. Anauliza kama ninakuja.

Sijamjibu.

Gari limefika. Makanga kanipa mfuko umefungwa kwa leso ya Mama. Nimeumwaga kitandani. Nimetikisa kila nguo, nimeingiza mkono kwenye soksi. Kuna nguo za Nzuki, mafuta, unga wa uji, na mayai sita yamefungwa moja moja kwa gazeti. Hakuna lililovunjika!

Vituo vinafungwa saa kumi na moja. Kuna gari jingine la kutoka Voi mchana. Namwandikia Mama ujumbe, nafuta, naandika tena. Kitambulisho nikikiweka mwanzo ni kama namdai. Nikikiweka mwisho atajua ndicho hasa. Nimekiweka katikati.

Mama, mzigo umefika, asante, mayai ni mazima. Nzuki bado anakohoa. Ambavyo bado sijapata ni hivi: kitabu chake cha kliniki. Dawa ya kifua, iko dirishani. Kitambulisho changu. Shali ya bluu. Kijiko chake kidogo.