Chupa ya Kabatini

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio mgonjwa. Umeme ulikatika maabara siku tatu, joto likaua wadudu wangu wote. Bwawa tulikowachota limefukiwa. Waliobaki duniani, kwangu mimi, ni wale wa chupa niliyokuachia kabatini, na bila hao miaka yangu miwili ya utafiti imekwenda na maji.

Wana mwili wa seli moja tu, lakini adui akija kuwameza humtemea sumu yao ya rangi ya waridi, akakimbia. Wape punje mbili za mchele kila wiki, na wabaki gizani kabatini. Nitawafuata Juni. Bado wana rangi?

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Macho ni yale yale ya kizee, usijali. Wadudu wako wamefifia, ile rangi siioni tena. Nimewatoa kabatini nikawaweka dirishani wapate jua kidogo. Hakuna kiumbe asiyependa jua.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nilisema gizani. Jua likiwapiga, sumu ile ile ya kumfukuzia adui huwaua wenyewe. Miaka thelathini ulilinda pampu za maji za watu, chupa moja ya mwanao imekushinda? Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mtoto je? Hata barua umeiandika mistari imepandana, kama mtu anayekimbilia mambo yake. Usiniandikie tena mpaka uwe umewarudisha kabatini.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa jirani yetu fundi cherehani. Ndiye aliyenisomea barua yako. Alifika mahali akasita, nikamwambia asome yote.

Anasema maji ni meupe, hamna kitu. Anasema pia kwamba Machi, alipokuja kuazima ngazi, aliwaona pale dirishani, wana rangi yao kamili. Basi hawakuwa wamefifia. Ni macho yangu. Nilijua tangu mwaka jana, nikanyamaza, maana ungeacha masomo uje kunishika mkono. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na kifo cha wadudu wako. Nisamehe, mama.

Ulisema nisiandike mpaka niwarudishe. Nilikawia kwa sababu hiyo, hapakuwa na wa kurudisha. Leo nimeiosha chupa, nimepapasa mpaka kabatini, nimeirudisha mahali pake. Ndiyo maana nimeandika.

Baba yako