Maswali Juu ya Mtafiti wa Mbu

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Temeke hatujambo, mama yako anakusalimu. Mie tangu uniulize kama uitajie serikali ya huko unakofanyia utafiti watu wanaokutembelea, situlii, nakaa, nanyanyuka, nasimama mlangoni.

Enzi za Mwingereza, mama mkwe wangu alimpangisha chumba Mzungu mtafiti wa mbu. Karani wa serikali akaja kuuliza habari za kuweka kwenye faili la huyo Mzungu: nani anamtembelea, barua zake zinatoka wapi? Mama mkwe akamkaribisha uji, kisha akamuuliza: "Na kwako wewe, mwanangu, wanaingia akina nani?"

"Mama, hayo ni yangu."

"Basi na ya mgeni wangu ni yake."

Karani akaenda zake, lakini tangu siku ile kila hodi ilitushtua.

Wape jina lako na kazi yako tu, basi. Au umeshawataja rafiki zako? Nijibu upesi.

Bibi yako, bado nimesimama mlangoni.